Pete za nitrojeni na kamba ya polima: kilichomo ndani ya kidonge na kisichokuwemo

Zinapotangazwa siku za kumeza dawa za kichocho na minyoo katika shehia za Unguja na Pemba, maneno hufika kabla ya dawa. Siku hizi maneno hayo yamevaa nguo ya kitaalamu. Mzazi huandika jina la kidonge kwenye simu, akaangukia ukurasa unaosema kwamba molekuli za jamii ile "hujengwa juu ya polima", akausambaza kwenye kundi la wazazi wa skuli, na ikifika jioni habari imeshageuka: watoto wanalishwa plastiki. Mwengine huongeza kwamba polima yenyewe ni aina ya glikoli, na glikoli ndiyo iliyoua watoto kule Gambia. Wa tatu akaona neno nitrojeni, akasema basi hiyo ni mbolea.

Wazazi hawa wanastahili kujibiwa, maana mtoto ni wao na kidonge kinaingia tumboni mwake. Na katika maneno hayo matatu hakuna lililotungwa kutoka hewani. Nitrojeni imo kwenye dawa. Polima, yaani mnyororo mrefu wa vipande vinavyojirudia, hutumika maabara. Glikoli, ambazo ni jamii ya kemikali, zipo, na baadhi yake ni sumu kweli. Kilichoharibika ni namna mambo hayo yalivyofungwa pamoja. Ipo kazi ya kikemia ya kujenga pete zenye nitrojeni zikiwa zimeshikizwa kwenye polima inayoyeyuka, na ni kazi yenye manufaa kwa watu wanaougua maradhi kama yetu. Ukiielewa inavyokwenda, kila neno linarudi mahali pake.

Pete yenye nitrojeni

Atomu za kaboni zina tabia ya kushikana zenyewe kwa zenyewe. Mara nyingine hupanga mstari, mara nyingine mstari ule hujikunja ncha mbili zikakutana na kufunga. Umbo hilo lililofunga ndilo wanakemia wanaloliita pete. Nyingi zina atomu tano au sita kwenye mzunguko.

Karafuu inatufaa kuanzia. Harufu yake hutokana zaidi na molekuli iitwayo eujenoli, ambayo ndiyo imejaa katika mafuta yanayopatikana kwa kuchemsha makonyo kwa mvuke kule Wawi, Chake Chake. Eujenoli ina pete moja ya atomu sita, na zote sita ni kaboni. Sasa chukua pilipili manga, ile inayopanda juu ya miti katika mashamba ya viungo. Ukali wake ni wa molekuli iitwayo piperini, na mojawapo ya pete zake ina kaboni tano na nitrojeni moja. Hiyo ndiyo pete ya nitrojeni: mzunguko ambao angalau atomu yake moja si kaboni bali ni nitrojeni. Kafeini iliyomo ndani ya kahawa ina pete mbili zilizogusana ubavu, na nitrojeni nne zimegawana nafasi humo. Kwa hiyo aliyekaa barazani akinywa kahawa chungu ameshakunywa pete za nitrojeni, na babu yake alizinywa kabla yake.

Zimo pia ndani ya miili yetu kabla hatujanywa chochote. Herufi nne zinazoandika DNA ni pete za nitrojeni, zote nne. Chuma kinachobeba oksijeni katika damu kimekaa katikati ya pete nne za atomu tano tano, kila moja na nitrojeni yake. Mtu akitaka kuikimbia nitrojeni itabidi aikimbie damu yake mwenyewe.

Hofu ya mbolea inatokana na kudhani kwamba kitu kikiwa na nitrojeni basi kina tabia ya vitu vyote vyenye nitrojeni. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni nitrojeni. Urea ya shambani ina nitrojeni, na nyama ya pweza ina nitrojeni. Tabia ya molekuli inatokana na atomu gani imeshikana na ipi, kwa mpangilio upi. Kujua tu kwamba atomu fulani imo hakutoshi kusema kitu kitafanya nini mwilini.

Kwa nini dawa nyingi zina pete hizi? Nitrojeni huwa na elektroni mbili zisizotumika, na kwa elektroni hizo inaweza kuivuta haidrojeni ya molekuli iliyo jirani. Ikiwa ndani ya pete, nitrojeni haiyumbi; inaelekea upande mmoja maalumu. Protini za mwilini, na za minyoo na vijidudu pia, zina mashimo yenye umbo lake, na ndani ya mashimo hayo kuna sehemu zinazosubiri mvuto wa namna hiyo. Molekuli yenye pete ngumu na nitrojeni iliyokaa mahali sahihi huingia shimoni na kutulia. Isiyolingana hutoka.

Mwaka 2014 wanakemia nchini Marekani walichapisha hesabu ya dawa zenye molekuli ndogo zilizowahi kuidhinishwa nchini mwao. Walikuta asilimia 59 zina angalau pete moja ya nitrojeni. Ukifungua kabati la dawa la nyumba yoyote hapa Zanzibar utaziona: metronidazoli, ambayo wengi tunaiita Flagyl, amlodipini ya shinikizo la damu, isoniazidi ya kifua kikuu, prazikwanteli ya kichocho, albendazoli ya minyoo.

Albendazoli inastahili tuitazame kidogo. Kiini chake ni pete mbili zilizoungana, moja ya kaboni sita na moja ya atomu tano yenye nitrojeni mbili. Kiini hicho kinaitwa benzimidazoli. Omeprazoli, dawa ambayo wenye vidonda vya tumbo wanaijua vizuri, ina kiini hichohicho. Pete ni ileile, lakini mikono iliyoota pembeni ni tofauti, na kazi zimekuwa tofauti kabisa: moja inavunja mirija midogo inayoshikilia seli za mnyoo, nyengine inazima pampu ya asidi tumboni mwa mtu. Huu ndio ukweli ambao kazi yote ya kutafuta dawa imesimama juu yake. Badilisha mkono mmoja wa pete, na unaweza kupata dawa bora, au dawa ya ugonjwa mwengine, au kitu kisichofaa kwa lolote. Huwezi kujua mpaka ukitengeneze na kukijaribu.

Kwa nini Pemba ihangaike na pete mpya

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio la dawa lililofanyika kwa watoto wa skuli Pemba, kwa ushirikiano na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi. Waliotafutwa ni minyoo mjeledi, ile inayojichomeka kwenye utumbo mpana. Albendazoli peke yake, kwa dozi moja, iliwaponya kabisa watoto chini ya 3 katika kila 100. Ilipounganishwa na dawa nyengine iitwayo oksanteli pamoati, waliopona walifika kama 31 katika kila 100. Oksanteli nayo ina pete ya atomu sita yenye nitrojeni mbili, na imejulikana tangu miaka ya 1970.

Nimezirudia namba hizo mara nyingi. Zinasema kwamba dawa tunayoitegemea zaidi katika zoezi la kumezesha ni nzuri kwa minyoo ya aina fulani na ni dhaifu mno kwa mjeledi, na kwamba nafuu iliyopatikana ilitoka kwa pete nyengine ya zamani. Kwa upande wa kichocho hali inabana zaidi, kwa sababu prazikwanteli ndiyo karibu peke yake inayotumika duniani kote. Siku dawa hiyo ikichoka, isifanye kazi tena, mtoto anayekoga kwenye mto wenye konokono atakuwa hana pa kukimbilia. Kwa hiyo wanakemia wanapoketi kutengeneza mamia ya pete zinazofanana lakini zenye mikono tofauti, hilo si jambo la mbali na sisi.

Kusafisha ndiko kunakokula siku

Msomaji asiyewahi kuingia maabara hudhani kazi ngumu ya mwanakemia ni kuchanganya. Kuchanganya ni nusu saa. Kazi inayokula siku ni kusafisha.

Kila mmenyuko, yaani kila badiliko la kikemia, huacha uchafu: malighafi iliyobaki, mabaki ya vichocheo, bidhaa za pembeni zisizotakiwa. Ukitaka kuendelea na hatua ya pili, lazima kwanza ukitoe kile ulichokitengeneza kutoka kwenye mchanganyiko ule, na mara nyingi ni kwa kukipitisha kwenye bomba refu la unga wa silika, tone kwa tone. Halafu ipo hesabu ya hasara. Molekuli ikihitaji hatua nne, na kila hatua ikikupa asilimia 90 ya ulichotarajia, mwishoni unabaki na asilimia 66 hivi. Ukiweza kusukuma kila hatua ifike asilimia 99, unabaki na 96. Njia rahisi ya kusukuma ni kutia malighafi kwa wingi kuliko inavyohitajika, lakini ziada hiyo nayo ni uchafu wa kuondoa. Sasa zidisha tabu hiyo kwa molekuli 100.

Mwaka 1963, mjini New York, Robert Bruce Merrifield alichapisha njia ya kulikata fundo hili. Alikuwa akijenga vipande vya protini. Badala ya kuviacha vielee ovyo ndani ya chupa, alikifunga kipande cha kwanza kwenye punje ndogo za plastiki isiyoyeyuka, kisha akaongeza vipande vyengine kimoja baada ya chengine. Kila hatua ikiisha alimwaga maji ya dawa, akaziosha punje, akaendelea. Chochote ambacho hakikufungwa kwenye punje kiliondoka na maji. Mwishoni alikata kifungo na kuchukua protini yake. Mwaka 1984 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo.

Punje za Merrifield, hata hivyo, zilikuwa na kasoro. Kwa kuwa haziyeyuki, mmenyuko hufanyika kati ya kitu kigumu na kimiminika. Malighafi lazima zipenye ndani ya punje, nyengine hazifiki, na mambo huenda polepole. Tena kinachokua ndani ya punje ni vigumu kukiona. Vipimo vingi vya kuthibitisha umbo la molekuli vinataka kitu kilichoyeyuka sawasawa, na punje haziyeyuki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Manfred Mutter na Ernst Bayer wa Tübingen, Ujerumani, walionyesha njia nyengine. Waliacha punje wakachukua polima inayoyeyuka, poliethilini glikoli, kwa kifupi PEG. Katika viyeyushi fulani PEG huyeyuka kabisa, pamoja na chochote kilichofungwa kwenye ncha yake, na mmenyuko unakwenda kwa kasi yake ya kawaida kwa sababu kila kitu kimo ndani ya kimiminika kimoja. Kazi ikiisha, unaimwaga ile supu ndani ya etha baridi, kiyeyushi chepesi kinachokauka haraka. PEG haiyeyuki katika etha. Inajitenga papo hapo kuwa unga mweupe, na imebeba molekuli yako. Uchafu mdogomdogo unabaki ndani ya etha. Unachuja, unasuuza unga, unauyeyusha tena, na hatua ya pili inaanza.

Wanawake wa Paje na Jambiani wanaolima mwani wataielewa kazi hii upesi kuliko wengi. Mbegu za mwani haziachwi zielee baharini. Hufungwa kwa vijikamba vidogo kwenye kamba ndefu iliyonyoshwa baina ya vijiti. Maji yakijaa, kila mbegu inaguswa na bahari kwa pande zote na inakua. Maji ya bamvua yakitoka, mkulima anainua kamba moja na mbegu zote zinakuja kwa pamoja. Anazitikisa, anazisuuza, mchanga na majani yasiyohitajika yanaanguka. Akishavuna anafungua vijikamba, mwani unakwenda kuanikwa, na kamba inabaki kuwa kamba. Hakuna anayeuza kamba wala anayeila. PEG ni ile kamba, na kile kifungo cha kikemia kinachoishika molekuli ni kile kijikamba. Tofauti iliyopo ni kwamba kamba ya mkulima haiyeyuki na ya mwanakemia inayeyuka akitaka na kuganda akitaka.

Miaka mingi njia hii ilikaa kwa watu wa protini. Mwaka 1995 Kim Janda na wenzake huko California walionyesha kwamba inaweza kutumika kutengeneza makundi makubwa ya molekuli ndogo kwa mpigo, na tangu hapo wanaotafuta pete za nitrojeni wakaingia kwa wingi. Chung-Ming Sun wa Taiwan ni mmoja wa walioifanyia kazi kwa muda mrefu, hasa katika benzimidazoli, kile kiini cha albendazoli tulichokitazama.

Jinsi pete inavyofungwa ikiwa juu ya kamba

Tuifuate benzimidazoli moja kutoka mwanzo hadi mwisho, maana ndipo mtu anapoona kwamba hakuna uchawi.

Chukua PEG yenye uzito wa molekuli kama 5,000. Huo ni mnyororo wa vipande zaidi ya 110, vyote sawa. Kwenye ncha yake kuna oksijeni na haidrojeni. Ncha hiyo inafungwa na asidi moja ndogo yenye pete ya kaboni sita. Kwenye pete hiyo kuna atomu ya florini, na jirani yake kabisa kuna kikundi kiitwacho nitro, ambacho ni nitrojeni moja na oksijeni mbili. Kifungo baina ya asidi na PEG ni esta, aina ileile ya kifungo kilichomo katika mafuta ya nazi. Kinahimili kazi iliyo mbele yake, na kinakatika kwa wepesi ukikitaka kikatike.

Hatua inayofuata, unatia amini, yaani molekuli ndogo yenye nitrojeni. Nitrojeni hiyo inaisukuma florini nje na kukaa mahali pake. Rangi ya njano hujitokeza, na mwanakemia akiiona anajua kazi imekwenda. Unamwaga kwenye etha baridi, unapata unga, unasuuza. Amini uliyoitia kwa wingi imeondoka na etha.

Kisha unaondoa zile oksijeni mbili za kikundi cha nitro na kuweka haidrojeni badala yake. Njano inafifia. Sasa kwenye pete ile ya kaboni kuna nitrojeni mbili zilizokaa jirani, na baina yao kuna nafasi inayohitaji kaboni moja tu. Etha tena, unga tena.

Hatua ya kufunga ndiyo yenye raha. Unatia kipande kinachobeba kaboni hiyo moja. Kinaishika nitrojeni ya kwanza, kinaigeukia ya pili, na pete ya atomu tano inajifunga ubavuni mwa ile ya sita. Benzimidazoli imezaliwa, ingali imefungwa kwenye kamba.

Mwishoni unatia methanoli yenye alkali. Esta inakatika. Ukimwaga kwenye etha safari hii, mambo yanageuka: PEG inaganda na kubaki kwenye chujio, na molekuli yako, iliyofunguliwa, inapita pamoja na etha. Unaipuliza etha ikauke na kilichobaki ni bidhaa.

Katika safari hiyo kuna sehemu mbili ambazo ungeweza kubadilisha: ile amini, na kile kipande cha kufungia. Ukiwa na amini 10 na vipande 10, unapata benzimidazoli 100 zilizo tofauti, zote kwa utaratibu uleule wa kuyeyusha, kumwaga, kuchuja na kusuuza. Hakuna bomba la silika baina ya hatua. Na kwa kuwa PEG inayeyuka, katikati ya safari unaweza kuchukua kiasi kidogo ukakitia kwenye kipimo cha NMR, kinachotumia sumaku kali kwa kanuni ileile ya mashine ya MRI ya hospitali, ukathibitisha kwamba pete imefunga kweli. Unakirudisha kwenye chupa na kuendelea. Kwa punje za Merrifield, mara nyingi ungelazimika kukata kwanza ndipo uone.

Mahali inapokwama

Ninaipenda njia hii lakini sitaki msomaji aichukue kama jibu la kila kitu. Uzito ndio adui yake. Kwa PEG ya uzito wa 5,000 yenye ncha moja ya kufungia, ukitaka gramu moja ya molekuli yenye uzito wa 200 unahitaji gramu 25 za kamba. Kwa kupima dawa dhidi ya mnyoo kwenye kisahani cha maabara, ambako miligramu chache zinatosha, hilo halisumbui. Kwa kutengeneza vidonge vya watoto wa kisiwa kizima, haliwezekani kwa gharama yoyote ya maana. Kamba fupi zaidi ingepunguza uzito, lakini PEG ikiwa fupi mno haigandi vizuri kwenye etha na inakuwa kama nta.

PEG pia hunyonya unyevu, na mmenyuko usiotaka maji utaharibika usipoikausha vyema. Baadhi ya metali hung'ang'ania kwenye oksijeni zake na hazitoki kwa kusuuza. Etha yenyewe hushika moto haraka na hutumika kwa wingi. Tena chochote kilichokosewa juu ya kamba kinabaki juu ya kamba: hatua moja isipokamilika, molekuli pungufu itasuuzwa pamoja na iliyokamilika, na hutaitenganisha mpaka mwisho.

Hapa ndipo jibu la mzazi lilipo. Albendazoli na prazikwanteli zinazomezwa skuli hutengenezwa viwandani kwa njia za kawaida, ndani ya mapipa makubwa, bila ya kamba hii. Kujenga pete juu ya polima inayoyeyuka ni kazi ya watafutaji, wale wanaotaka kujua katika pete 100 ni ipi inayomuua mnyoo bila ya kumdhuru mtoto. Ikipatikana moja inayofaa, wahandisi wa kiwanda huitafutia njia nyengine ya kuitengeneza kwa tani.

Kuhusu plastiki na glikoli

Polima ni mnyororo mrefu wa vipande vinavyojirudia, basi. Wanga wa muhogo ni polima. Karajinani, ambayo ndiyo sababu wanunuzi wa ng'ambo wanautaka mwani wetu, ni polima. Mifuko ya plastiki, ambayo Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, nayo ni polima, ya poliethilini. Majina poliethilini na poliethilini glikoli yanafanana, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Mnyororo wa mfuko ni kaboni na haidrojeni tupu, kwa hiyo maji hayaushiki na mfuko unakaa ufukweni miaka. PEG ina oksijeni kila baada ya kaboni mbili. Oksijeni hizo huyakaribisha maji, na ndiyo maana PEG huyeyuka kwenye glasi ya maji.

PEG si mgeni mwilini mwetu pia, kwa njia isiyohusiana na kamba ya maabara. Kwenye maduka ya dawa huitwa makrogoli, na hupewa mtu aliyefunga choo: haifyonzwi kwa kiasi cha kutajika, hushika maji utumboni na kulainisha. Imo katika baadhi ya malhamu, dawa za meno na ganda la nje la vidonge vingi. Kwa hiyo ukiisoma kwenye karatasi ya dawa, imewekwa kwa makusudi na imeandikwa wazi.

La Gambia ni zito na silitaji kwa wepesi. Mwaka 2022 watoto zaidi ya 60 walikufa kwa kuharibika figo, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari juu ya dawa za maji za kifua zilizokutwa na diethilini glikoli na ethilini glikoli. Hizo ni molekuli fupi, za kipande kimoja au viwili, zinazofyonzwa haraka na kuharibu figo. Zinatumika viwandani na hazitakiwi kabisa ndani ya dawa. PEG ya mnyororo mrefu ina tabia nyengine mwilini. Hata hivyo anayesema kwamba hazihusiani hata kidogo naye anakosea: PEG hutengenezwa kwa kuunganisha vipande vya jamii hiyohiyo, na ikitengenezwa kwa uzembe inaweza kubakiwa na zile fupi. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani limeitaja PEG, pamoja na propilini glikoli, sobitoli na gliserini, miongoni mwa viambato ambavyo kila shehena yake inapaswa kupimwa kabla ya kuingizwa kwenye dawa. Swali la kuwauliza wenye mamlaka ya dawa ni kama shehena imepimwa. Swali hilo ni la haki na lina jibu la ndiyo au hapana.

Mzio wa PEG nao upo, ingawa ni nadra. Mtu aliyewahi kuvimba midomo, kutokwa na vipele mwili mzima au kubanwa na pumzi muda mfupi baada ya kutumia dawa yenye kiambato hiki amwambie mhudumu wa afya kabla ya kumeza kingine au kuchomwa sindano, maana baadhi ya chanjo za Uviko-19 zilikuwa na PEG ndani yake. Jina la kulitaja ni makrogoli au PEG, likifuatiwa na namba kama 3350 au 4000, inayoonyesha uzito wa mnyororo.